Kocha Msaidizi Si Mbeba Mipira

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii inajulikana na kila mwanafunzi aliyewahi kuketi mtihani wa Kiswahili, na maana yake haina utata: ujio wa mgeni huleta heri, na mwenyeji huwa wa kwanza kufaidika. Katika kandanda yetu, hata hivyo, methali hii imepinduliwa kichwa chini miguu juu. Mgeni huja, hupewa kiti, nyumba na gari. Mwenyeji naye husogezwa kando, akakabidhiwa koni na mipira, kisha akaambiwa kwamba yeye ni msaidizi.

Hakuna mahali ambapo jambo hili hujadiliwa kwa hamasa kama Kisumu na miji iliyopakana na Ziwa Victoria. Klabu ya Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968 na kupewa jina la yule mganga mashuhuri wa Kanyamwa, ina makao yake Nairobi. Lakini moyo wake hudunda huku ziwani. Kila panapozuka fununu kwamba klabu inamtafuta kocha msaidizi, Kondele huacha kuzungumzia bei ya unga. Kwenye steji za bodaboda, katika vibanda vya chai vya soko la Kibuye, na kwa wauza samaki wa Dunga, kila mtu huwa na jina lake mfukoni. Majina hayo hutetewa kwa Dholuo, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Sheng, mara nyingi katika sentensi moja.

Wapo wanaoyacheka mazungumzo haya na kuyaita porojo za watu wasio na kazi. Mimi siyacheki. Nadhani mashabiki wana haki ya kujadili, na zaidi ya hayo, nadhani wamegusa jambo zito kuliko wanavyodhani wao wenyewe. Kosa lao ni moja tu: wanauliza swali lisilo sahihi. Wanauliza, "Nani awe msaidizi?" ilhali swali linalopaswa kutangulia ni hili: "Msaidizi ni nani?"

Hebu tuanze na maneno, maana maneno ndiyo mlango wa fikra. Magazeti yetu humwita mtu huyu "kocha msaidizi" leo, na kesho yakamwita "naibu kocha", kana kwamba majina hayo mawili ni pacha. Si pacha. Naibu ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na kiini chake ni mtu anayesimama mahali pa mwingine. Mwenye kiti akiondoka, naibu huketi. Mamlaka yamo ndani ya jina lenyewe. Msaidizi, kwa upande wake, ni mtu wa kuauni. Fundi wa magari ana msaidizi. Humpa spana na kumshikia taa. Fundi akienda zake, karakana hufungwa. Dholuo nacho kina tofauti kama hiyo. Jakony ni mtu anayesaidia, na japuonj ni mwalimu. Hakuna anayemtarajia jakony aamke siku moja awe japuonj kwa sababu tu mwenye kazi amesafiri.

Neno "kocha" nalo lina kisa chake. Tulilichukua kutoka Kiingereza, na Kiingereza kilikuwa kimelichukua mbali zaidi, kutoka jina la kijiji cha Kocs huko Hungaria kilichosifika kwa kuunda magari ya kukokotwa na farasi. Katika karne ya 19 wanafunzi wa Oxford walianza kulitumia neno hilo kwa mzaha: mwalimu wa faragha aliyemvusha mwanafunzi hadi upande wa pili wa mtihani alikuwa kama gari lililombeba. Kutoka darasani, neno likahamia uwanjani. Kumbe kocha, kwa asili ya jina, ni chombo cha kuwafikisha watu waendako. Basi tujiulize: chombo hiki kinapobadilishwa kila baada ya miezi michache, abiria hubaki mikononi mwa nani?

Hapa ndipo historia ya Gor Mahia inapotufaa. Mwaka 2013 klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa ligi baada ya ukame wa tangu 1995. Katika mwongo ulioanzia hapo, kiti cha mkufunzi mkuu kilikaliwa kwa zamu na wageni wengi: Zdravko Logarušić wa Kroatia, Bobby Williamson na Frank Nuttall wa Uskoti, Zé Maria wa Brazil, Dylan Kerr wa Uingereza, Hassan Oktay, Steven Polack, Carlos Vaz Pinto wa Ureno, Mark Harrison, Andreas Spier wa Ujerumani, na Jonathan McKinstry wa Ireland ya Kaskazini. Sisemi kwamba walikuja bure. Nuttall aliiongoza timu kumaliza ligi ya 2015 bila kushindwa hata mechi moja. Kerr alitwaa ubingwa wa 2017 na wa 2018. McKinstry aliongeza mataji ya 2023 na 2024. Mwenye kutaka kusema kwamba wageni hawa hawakuifaa klabu atakuwa anapigana na takwimu.

Lakini baina ya mgeni mmoja na mwingine, nani aliyeshika usukani? Mwezi Juni 2017 Zé Maria aliondoka kwenda Albania msimu ukiwa katikati. Aliyeachiwa timu ni msaidizi wake, Zedekiah "Zico" Otieno, mchezaji wa zamani wa klabu hiyo hiyo. Mwezi huo huo Gor Mahia ilikwenda Dar es Salaam kwa mashindano ya SportPesa, ikawalaza mahasimu wao AFC Leopards 3-0 katika fainali, na kwa ushindi huo ikajipatia nafasi ya kucheza na Everton ya Uingereza. Mechi hiyo ya tarehe 13 Julai 2017 bado inasimuliwa: Wayne Rooney alifunga, Jacques Tuyisenge akasawazisha, na Everton ikashinda 2-1. Kabla mwezi kumalizika, kiti cha mkufunzi mkuu kilikuwa cha Kerr. Bao la Rooney linakumbukwa na dunia nzima. Aliyeifikisha timu mahali pale hakumbukwi na wengi.

Miaka mitatu baadaye jambo la ajabu zaidi lilitokea. Mwaka 2020 klabu ilimwajiri Mbrazil Roberto Oliveira Gonçalves. Shirikisho la Soka Barani Afrika, CAF, likakataa aketi kwenye benchi katika Ligi ya Mabingwa kwa sababu ya suala la leseni. Ilibidi aitwe Samuel "Pamzo" Omollo, aliyewahi kuwa beki wa timu ya taifa, aje na cheti chake ili timu ipate mtu wa kuiongoza. Gor Mahia ilifungwa 2-1 na APR mjini Kigali mwezi Novemba, kisha ikashinda 3-1 Nairobi mwezi Desemba na kusonga mbele kwa jumla ya mabao 4-3. Basi tazama kinaya chenyewe: kwa desturi yetu msaidizi ndiye anayefikiriwa kuwa hajahitimu, na mkuu ndiye mwenye elimu. Safari hii, mbele ya sheria za bara zima, karatasi za mwenyeji ndizo zilizoipeleka timu uwanjani.

Ni haki nitaje pia kilichofuata, maana hoja inayoficha upande wa pili si hoja. Katika raundi iliyofuata Gor Mahia ilichapwa 6-0 na CR Belouizdad nchini Algeria. Kwa hiyo sidai kwamba mwenyeji akipewa timu basi mambo yote huwa shwari. Ninachodai ni kwamba mtu anayeitwa wakati wa dharura, akapewa timu kwa wiki chache, kisha akahukumiwa kama aliyepewa miaka mitatu, hajatendewa haki. Wala klabu yenyewe haijajitendea haki.

Mambo haya si ya Kenya pekee. Jirani zetu wa Tanzania wanayajua. Septemba 2022 Juma Mgunda alikabidhiwa Simba baada ya Zoran Maki kuondoka, akaifikisha katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2023 akaletwa mkufunzi mkuu mpya, na Mgunda akarudi kuwa msaidizi. Mkufunzi huyo mpya alikuwa nani? Alikuwa Gonçalves yule yule, ambaye Watanzania wanamfahamu zaidi kwa jina la Robertinho. Januari 2024, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika huko Côte d'Ivoire, Adel Amrouche alisimamishwa, na msaidizi wake Hemed Suleiman "Morocco" akaishika Taifa Stars mashindano yakiendelea. Alitoka sare ya 1-1 na Zambia, kisha 0-0 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Baadaye aliiongoza timu hiyo kufuzu kwa fainali nyingine.

Na katika mashindano hayo hayo ya 2024, wenyeji Côte d'Ivoire waliachana na Mfaransa Jean-Louis Gasset baada ya kufungwa 4-0 na Equatorial Guinea. Timu ikapewa msaidizi, Emerse Faé, kijana ambaye hakuwa amewahi kuwa mkufunzi mkuu wa timu ya taifa ya wakubwa. Tarehe 11 Februari aliishinda Nigeria 2-1 na kutwaa kombe. Wengi waliuita muujiza. Mimi naona maelezo mepesi zaidi. Faé aliwajua wachezaji wake. Alijua nani amechoka, nani ana kinyongo, nani anahitaji kukemewa na nani anahitaji kushikwa bega. Maarifa hayo hayakuja siku Gasset alipoondoka. Yalikuwapo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuyatumia.

Sasa turudi Kisumu, kwenye vibanda vya chai. Ukiyasikiliza mabishano ya mashabiki kwa makini utagundua kambi nne. Kambi ya kwanza husema msaidizi lazima awe mchezaji wa zamani wa klabu, mtoto wa nyumbani anayejua uzito wa jezi ya kijani. Ya pili husema vyeti kwanza, nyumbani baadaye. Ya tatu hushikilia kwamba mkufunzi mkuu aachiwe achague mtu wake mwenyewe, kwa kuwa msaidizi aliyewekwa na kamati huwa jicho la kamati. Kambi ya nne, ambayo aghalabu huzungumza kwa sauti ya chini, huuliza jina la ukoo wa mtu kabla ya kuuliza kazi yake.

Kambi hii ya nne nitaimaliza haraka. Gor Mahia ilizaliwa kutokana na vyama vya soka vya Waluo, na hakuna haja ya kuionea haya asili hiyo. Lakini bao la kusawazisha dhidi ya Everton lilifungwa na mshambuliaji aliyezaliwa nchi jirani, na hakuna shabiki wa Kisumu aliyekataa kulishangilia. Mpira ukishakubali miguu kutoka popote, haufai kukataa akili kutoka popote. Mashabiki wenyewe wameipa klabu yao lakabu ya "Sirkal", neno ambalo Dholuo kililikopa kutoka "serikali" ya Kiswahili. Serikali isiyojua kuwaongoza watu wa kila pembe haistahili jina hilo.

Kambi tatu za kwanza zina ukweli, kila moja kiasi chake. Mchezaji wa zamani huleta kumbukumbu, lakini kumbukumbu bila elimu huwa hadithi za kale. Cheti huleta elimu, na kisa cha 2020 kimetuonyesha kwamba pasipo cheti mlango wa Afrika haufunguki. Lakini cheti hakimfundishi mtu kuzungumza na kijana wa miaka 19 aliyetoka Mbita ambaye mshahara wake umechelewa. Nao uhuru wa mkufunzi mkuu ni jambo la msingi, kwa sababu hakuna anayeweza kufanya kazi na mtu asiyemwamini. Hata hivyo, kila mgeni akija na msaidizi wake na akiondoka naye, klabu hubaki kama nyumba ya kupanga: kila mpangaji huhama na mapazia yake, na mwenye nyumba hubaki na misumari ukutani.

Jibu, kwa maoni yangu, halimo katika kuchagua kambi. Limo katika kubadilisha kazi yenyewe. Tukitaka msaidizi awe naibu kwa maana kamili ya neno, klabu haina budi kufanya mambo matatu, na mashabiki hawana budi kuyadai.

La kwanza ni mkataba unaoeleza majukumu. Msaidizi aelezwe kwa maandishi ni sehemu gani ya mafunzo iliyo chini yake, ni uamuzi gani anaoweza kuutoa, na nini kitatokea mkuu akiondoka ghafla. Kwa sasa mara nyingi mambo haya huachwa kwa hisani ya yule aliyeketi juu, na hisani si sheria.

La pili ni elimu. Ngazi za leseni za CAF zinapandwa moja baada ya nyingine hadi ile ya A na zaidi, na kila ngazi inahitaji muda na ada. Klabu inayolipa nauli ya ndege kumleta mkufunzi kutoka Ulaya inaweza kumlipia msaidizi wake ada ya kozi. Hiyo si sadaka. Ni kununua leo kitu ambacho kesho kitagharimu zaidi.

La tatu ni kumbukumbu. Mkufunzi mkuu anapoondoka, madaftari yake yabaki: rekodi za mazoezi, majeraha ya wachezaji, udhaifu wa wapinzani. Mtunzaji wa hazina hiyo awe msaidizi mwenyeji. Hivyo mgeni anayefuata hataanza kwa kuuliza majina ya wachezaji. Huko ndiko kupona kwa mwenyeji kunakosemwa na methali.

Walimu wanaosoma ukurasa huu hawahitaji kuelezwa zaidi, kwa maana kila shule ina mtu wa namna hii. Naibu mwalimu mkuu ndiye anayepanga ratiba, ndiye anayeshughulikia nidhamu, ndiye anayejua ni mwanafunzi yupi hajalala nyumbani kwao wiki hii. Wakuu huhamishwa, naye hubaki. Lakini angalau shuleni tumempa jina linalomstahili, na tukampa ofisi. Hatumwiti msaidizi wa mwalimu mkuu, kana kwamba kazi yake ni kumbebea mkoba. Shule hizi hizi za ukanda wa ziwa, kutoka Kisumu Day hadi Agoro Sare, zimewalea wachezaji wengi kwa mikono ya walimu wa michezo ambao hawakuwahi kuitwa makocha na mtu yeyote nje ya lango la shule.

Kwa wanafunzi nina ombi jingine. Msiyadharau mabishano ya vibandani, nendeni mkayaboreshe. Mtu akisema, "Fulani afaa," mwulizeni: amefundisha timu gani, kwa muda gani, akiwa na wachezaji wa aina gani? Ana leseni ya ngazi ipi? Amewahi kumlea mchezaji mdogo akafika timu ya kwanza? Aliposhindwa, alishindwa kwa sababu gani? Maswali haya hayahitaji chuo kikuu. Yanahitaji tu kuheshimu ushahidi kuliko kelele, na kijana atakayejifunza kuyauliza kuhusu kocha atajua kuyauliza siku moja kuhusu diwani, gavana na mbunge. Huenda hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote ambayo klabu hii imewapa watu wa ziwani.

Nimalizie kwa jina moja. Mwaka 1987 Gor Mahia ilitoka sare ya 2-2 na Espérance mjini Tunis, kisha 1-1 Nairobi, ikatwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa taji la bara. Nahodha wa kikosi hicho alikuwa Austin Oduor, na lakabu aliyopewa ilikuwa "Makamu". Neno hilo, kama naibu, lina asili ya Kiarabu, na ndani yake mna maana ya mahali pa kusimama. Mtu aliyeitwa Makamu ndiye aliyekuwa mbele ya wenzake siku ile kuu kuliko zote. Hatujawahi kukosa watu wa kusimama mahali pa wakubwa. Tumekosa tu kuwaachia mahali hapo wasimame.